Kitabu Kisichoazimika

Wasomaji wengi wakilisikia jina Samburu, fikira zao huenda kaskazini mwa nchi, kwenye mbuga na wafugaji ambao picha zao zimezagaa duniani kote. Samburu ninayoizungumzia leo ni nyingine. Iko katika Kaunti ya Kwale, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Mariakani na Maji ya Chumvi na kabla hujafika Taru. Ni nchi ya Waduruma. Nchi ya jua kali, ya mbuzi na migunga, ya akina mama wanaoamkia mabwawani alfajiri kutafuta maji. Malori hupita hapa usiku na mchana yakiwa yamesheheni kila aina ya bidhaa, na aghalabu hayasimami.

Nimeanza na mazingira haya kwa sababu mjadala ninaotaka kuuingilia huendeshwa mara nyingi na watu wakaao karibu na maduka ya vitabu. Nao ni huu: je, vile vifaa vya kielektroniki vilivyoundwa mahususi kwa kusomea vitabu, ambavyo kimoja huweza kubeba vitabu elfu moja na zaidi, vitawavuta wapenzi wa vitabu vya karatasi? Wako wanaoapa kwamba hawataiacha harufu ya karatasi hadi waingie kaburini. Wako pia wanaodai kwamba zama za karatasi zimekwisha na kwamba anayeishikilia anaushikilia mkia wa ng'ombe aliyekwisha kuondoka. Mimi nimeishi na karatasi na kifaa katika nyumba moja, na ninadhani pande zote mbili zinabishania jambo ambalo si kiini cha suala lenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka zaidi ya thelathini. Katika muda huo nilijilimbikizia vitabu kidogo kidogo, vingine kwa mshahara, vingine kwa kuachiwa na walimu waliohamishwa. Nilivihifadhi katika sanduku la mbao lililokuwa la marehemu baba yangu. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilipoliingilia paa la nyumba yangu, vitabu vya juu vililowa, nikavianika uani kama mtu aanikaye mahindi. Vilikauka vikiwa vimevimba na kujikunja, lakini vilisomeka. Pigo kubwa lilikuja baadaye, tena kimya kimya. Siku moja nililifungua sanduku lile nikatafute riwaya fulani, nikainua jalada, na chini ya jalada hapakuwa na kitabu. Palikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakatoboa mbao, wakala kurasa zote na kuyaacha majalada yamesimama kama kuta za nyumba iliyohamwa.

Yeyote anayelisifu karatasi mbele yangu, basi, na akumbuke kwamba ninajua udhaifu wake. Karatasi huliwa, huloa, huungua, na hukunjwa ikafungiwa njugu.

Miaka michache iliyopita alinijia kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anafanya kazi katika hoteli ya kitalii kule Diani. Kwa mujibu wa maelezo yake, wageni wanaojilaza kando ya bahari siku hizi hawaji tena na mizigo ya vitabu. Huja na kibao chembamba kisichozidi ukubwa wa daftari la shule, wakakisoma juani kutwa nzima. Mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya alimpa kijana huyo kibao chake kama shukrani, naye akakumbuka kwamba mwalimu wake alikuwa mtu wa vitabu na kwamba macho yake hayakuwa tena kama zamani. Akaniletea.

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilikipokea kifaa kile kwa shingo upande, lakini haikupita wiki moja kabla hakijanivuta. Herufi zake nilizikuza hadi kiasi kilichoyaridhisha macho yangu, jambo ambalo hakuna kitabu cha karatasi kiliwahi kunifanyia. Nilikisoma chini ya mwarobaini saa sita za mchana, wakati ambapo kioo cha simu hakionyeshi chochote ila uso wa mwenye simu. Nilikitia chaji kwa kibati cha jua, na chaji hiyo ikadumu majuma kadhaa. Na mchwa wa Samburu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya usomaji, hawakuwa na la kufanya.

Siri ya kifaa hiki inastahili kuelezwa, hasa kwa wanafunzi wa sayansi. Kioo chake hakitoi mwanga kama kile cha simu au cha tarakilishi. Chini yake mna vijifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kijifuko mna chembechembe nyeupe na nyeusi zenye chaji za umeme zinazokinzana. Umeme ukipitishwa, chembe nyeusi hupanda juu mahali panapohitajika herufi, na nyeupe hupanda mahali panapohitajika nafasi tupu. Zikishatulia hubakia hapo bila kuhitaji umeme zaidi, hadi msomaji afungue ukurasa mwingine. Kwa sababu hiyo kifaa hutumia umeme kidogo sana, na husomeka kwa mwanga wa jua uleule uisomeshao karatasi. Wataalamu waliobuni teknolojia hiyo walitoka katika chuo cha MIT kule Marekani, wakaanzisha kampuni yao ya E Ink mwaka 1997. Vifaa vya kusomea vilikuwa vimeanza kuuzwa Marekani mwaka 1998, lakini vilikuwa vizito na vioo vyake viliyachosha macho. Kampuni ya Sony ilitoa kifaa chenye wino huu wa kielektroniki nchini Japani mwaka 2004, na Novemba 2007 Amazon ikatoa Kindle, jina ambalo watu wengi sasa hulitumia kuviita vifaa vyote vya namna hiyo.

Baada ya hapo ulizuka msisimko mkubwa. Mwezi Mei 2011 Amazon ilitangaza kwamba kwa kila vitabu 100 vya karatasi ilivyokuwa ikiuza, ilikuwa ikiuza 105 vya Kindle. Watabiri walipiga mbiu kwamba kitabu cha karatasi kingeaga dunia katika muda wa miaka michache. Hakikuaga. Katika nchi zizo hizo za Marekani na Uingereza, mauzo ya vitabu vya kielektroniki yalipanda kwa kasi, kisha yakatulia, na karatasi ikaendelea kushika sehemu kubwa zaidi ya soko. Waliokipenda kifaa walikipenda hasa kwa riwaya za kusomwa haraka, safarini au kitandani. Lakini kitabu cha kutolewa zawadi, cha mtoto mdogo, cha kutiliwa alama na cha kurejewa mara kwa mara kiliendelea kununuliwa kikiwa karatasi.

Walimu watapenda kujua kwamba jambo hili limechunguzwa pia kitaaluma. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Hispania walikusanya matokeo ya tafiti 54, zilizohusisha watu zaidi ya 170,000, kulinganisha usomaji wa karatasini na ule wa vioo vya aina mbalimbali. Waligundua kwamba waliosoma karatasini walielewa zaidi maandishi ya kutoa maarifa, hasa pale walipokuwa wakisoma kwa muda uliowekewa mpaka. Kwa hadithi peke yake, hawakuona tofauti. Mwaka 2019 Anne Mangen wa Norway na wenzake walichapisha utafiti mdogo zaidi, wa watu 50 waliosoma hadithi moja ndefu, nusu yao kwa kitabu na nusu kwa Kindle. Katika mambo mengi makundi hayo mawili yalilingana. Lakini waliosoma kitabu walikumbuka vizuri zaidi lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Inasemekana vidole vinavyohisi unene wa kurasa zilizosomwa na zilizobaki huisaidia akili kujua ilipo katika safari. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kujibu swali la mtiririko wa matukio katika mtihani wa fasihi, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, si matokeo ya watafiti hawa yaliyonifanya niandike makala haya. Niliyoyaona kwa macho yangu ndiyo yaliyonisukuma.

La kwanza lilitokea siku ileile ya kupokea zawadi. Kijana wangu aliniambia kwamba mgeni yule alikuwa msomaji hodari na kwamba kifaa chake kilijaa mamia ya vitabu. Lakini ili mimi nikitumie, ilibidi jina la mgeni liondolewe na langu liingizwe. Jina lake lilipoondoka, vitabu vyake vyote viliondoka pamoja nalo. Nilibaki na kioo cheupe. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Ungepewa kitabu cha mtumba, kiwe kimechanika kiasi gani, ungekipata na maneno yake ndani. Pengine ungepata na jina la aliyekinunua, tarehe, na mstari aliopiga penye sentensi iliyomgusa. Kifaa cha mtumba kilinifikia kama chungu kilichooshwa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mgeni yule hakuwa anavimiliki vitabu vile kwa namna ninavyomiliki vyangu. Wauzaji wengi wa vitabu vya kielektroniki hawauzi kitabu. Huuza ruhusa ya kukisoma, na ruhusa hiyo hufungamanishwa na jina la mnunuzi. Mwezi Julai 2009, baada ya kugundua kwamba vitabu fulani viliwekwa sokoni na mtu asiyekuwa na haki navyo, Amazon ilivifuta kutoka mbali ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, ikawarejeshea pesa zao. Ajabu ni kwamba miongoni mwa vitabu hivyo vilikuwamo viwili vya George Orwell: kile kiitwacho 1984, na kile ambacho sisi tulikijua kwa jina la Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Kampuni hiyo iliomba radhi baadaye. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu ambavyo watu walikuwa wamenunua humo vikaacha kufunguka. Nao pia walirejeshewa pesa. Lakini mwalimu aliyetayarisha somo la kesho kwa kitabu kilichotoweka usiku huu, pesa hizo zitamsaidia nini asubuhi akiwa mbele ya darasa?

Jambo la pili lilinigusa zaidi, na ndilo kiini cha maneno yangu ya leo.

Tangu nilipostaafu, nyumba yangu imekuwa kama maktaba ndogo ya vijana wa jirani. Vitabu vilivyosalimika, pamoja na vile nilivyonunua baadaye, nimeviweka katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe, na juu yake pana daftari. Anayeazima huandika jina, kitabu na siku. Nakala yangu ya Siku Njema, ile riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, imevikwa kaki mara nne na imepita katika mikono ya watu zaidi ya sitini. Baadhi yao sasa ni walimu. Mmoja alinirejeshea baada ya miaka mitatu, akanieleza kwamba ilikuwa imefika Msambweni, ikasomwa na binamu zake wote, na kwamba hakuwa na uso wa kuniomba radhi. Nilimwambia kwamba kitabu hicho kilikuwa kazini.

Basi mwaka juzi alikuja binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa amekwisha kusoma karibu kila kitu kilichokuwamo sandukuni. Nilikuwa nimekijaza kifaa changu vitabu vya bure vya Project Gutenberg, mradi ulioasisiwa na Mmarekani Michael Hart mwaka 1971, ambao sasa una vitabu zaidi ya 70,000 vilivyokwisha muda wa haki zao. Nikamwonyesha Treasure Island ya Robert Louis Stevenson. Mimi niliisoma utotoni kwa Kiswahili, katika ile tafsiri ya mwaka 1929 iitwayo Kisiwa chenye Hazina, lakini kila nilipoitafuta tafsiri hiyo kwa ajili ya kifaa sikuipata. Yeye akaichukua kwa Kiingereza, akaondoka na kifaa amekikumbatia kifuani.

Alirudi siku ya nane.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimesoma na kingine ndani yake. Lakini dada yangu mdogo naye anaitaka hii hadithi, na wenzangu wawili darasani. Nimpe nani kwanza?"

Nilisita. Katika miaka yote ya ualimu wangu, sikumbuki kuwahi kusita mwanafunzi aliponiomba kitabu ampelekee mwenziwe. Lakini siku hiyo nilipiga hesabu. Watu watatu, siku nane kila mmoja, ni majuma matatu na ushei ambayo mimi mwenyewe ningekaa bila kusoma, maana macho yangu yamekwisha kuzoea herufi kubwa za kifaa. Isitoshe, kifaa kikianguka kisimani, hakianguki kitabu kimoja; linaanguka sanduku zima. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda nilipoisikia, kwamba afadhali kibaki hapa kwanza. Binti akaitikia kwa adabu, akaaga, akaondoka mikono mitupu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimegeuzwa bahili na kitu kilichonipa vitabu zaidi ya vyote nilivyowahi kuwa navyo maishani. Sanduku langu la bati lenye vitabu arubaini, wakiazima watu arubaini, husomwa na watu arubaini kwa wakati mmoja. Kifaa changu chenye vitabu mia tatu husomwa na mtu mmoja. Wanaotusifia kwamba maktaba nzima inaingia mfukoni wanasema kweli. Wanalosahau kutuambia ni kwamba maktaba iliyoingia mfukoni mwa mtu mmoja imetoka katika mikono ya wengine.

Tusisahau kwamba katika pwani yetu, kuazimana na kunakiliana ndiko kulikotuhifadhia fasihi yenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hayakuchapishwa alipokuwa hai. Yalibakia vinywani na katika makaratasi ya watu, hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na hatimaye yakatolewa kitabuni na William Hichens mwaka 1940, karne moja baada ya kifo cha mshairi. Lau kila shairi lingefungamanishwa na jina la mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kulisoma, na kufutika pindi jina hilo lifutikapo, tungekuwa na nini leo cha kuwafundisha watoto wetu?

Simaanishi kwamba mashine ni adui. Baadhi ya miswada hiyo ya kale, iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS mjini London, sasa inaweza kutazamwa kwa picha kupitia mtandao, na mwanafunzi wa Kwale aliyeunganishwa huitazama bila kuomba nauli ya ndege. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilianza kwa kupeleka vifaa vya kusomea katika shule za Ghana, kisha likafika Kenya, na hatimaye likashirikiana na maktaba zetu za kitaifa kuweka vifaa hivyo mahali ambapo kila msomaji angeweza kuviomba. Fikra hiyo ninaiunga mkono kwa dhati, kwa kuwa kifaa cha maktaba hakina mwenyewe mmoja wa kukionea uchungu. Ni fikra ileile ya maktaba ya ngamia, ambayo tangu mwaka 1996 imekuwa ikibeba vitabu hadi kwa wafugaji wa Garissa. Wafugaji hao hawakuulizwa kama wanapenda harufu ya karatasi. Walipelekewa vitabu, wakaviazima, wakavirudisha.

Kutokana na hayo, nina maneno machache kwa wahusika.

Kwa wachapishaji wetu: wapenzi wa karatasi hawatavutwa na kifaa kisicho na vitabu wavipendavyo. Nimejaza kifaa changu Dickens na Stevenson kwa sababu wao wanapatikana bure. Riwaya za Kiswahili nilizozitafuta katika duka la kifaa hicho sikuziona. Ziko kampuni za hapa nyumbani, kama vile eKitabu iliyoanzishwa mwaka 2012, zinazouza vitabu vya wachapishaji wa Kenya kwa njia ya kielektroniki, na ziko hadithi za watoto za mradi wa African Storybook zinazotolewa bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hizo ni hatua njema. Lakini ruhusuni shule inunue nakala moja ya kielektroniki na kuiazima kwa zamu, kama inavyoazima nakala moja ya karatasi. Msipofanya hivyo, mtauza kwa watu wachache wenye uwezo, na wengine watabaki kunakili kwa mashine kurasa zenu pembeni mwa barabara.

Kwa serikali: kuanzia mwaka 2016 shule za msingi zilipelekewa vishikwambi kwa wingi, zaidi ya milioni moja nchini kote, na wengi wetu tulishangilia. Katika baadhi ya shule vishikwambi hivyo viliishia kufungiwa kabatini, kwa kuwa aliyekabidhiwa aliogopa kwamba kimoja kikivunjika angedaiwa yeye. Ugonjwa wao ulikuwa ugonjwa wangu wa usiku ule: kitu cha thamani kubwa mno hakiazimiki. Kabla ya kununua kifaa kingine chochote, ulizeni atakayekilipa kikivunjika mikononi mwa mtoto ni nani. Jibu likiwa ni mwalimu, msikinunue. Kadhalika kumbukeni kwamba sheria ya kodi ya mwaka 2013 iliweka asilimia 16 juu ya bei ya vitabu. Kwa bei ya kifaa kimoja cha kusomea, shule hupata riwaya za karatasi zaidi ya kumi. Wanaotaka taifa lisome hawana budi kuvipunguzia mzigo vyote viwili.

Kwa walimu wenzangu: tusiwacheke wanafunzi wasomao kwenye simu zao, wala tusiwadharau wale wanaong'ang'ania kitabu kilichochakaa. Mwenye macho mabovu, mwenye kusafiri sana na mwenye kuishi kwenye mchwa watafaidika na kifaa. Watu wasioona au wenye uoni hafifu ndio watakaofaidika zaidi, na ndiyo maana ninafurahi kwamba mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh unaorahisisha utayarishaji wa vitabu kwa ajili yao. Anayejiandaa kwa mtihani, kwa upande wake, na akae na karatasi yake na penseli.

Je, basi, vifaa hivi vitawavuta wapenzi wa karatasi? Mimi ni mpenzi wa karatasi na vimenivuta. Ninasoma zaidi sasa kuliko nilivyosoma katika miaka kumi ya mwisho ya kazi yangu, na singependa kurudi nyuma. Lakini kilichovutwa ni macho yangu. Mapenzi yangu kwa kitabu hayakuanzia machoni, yalianza siku mwalimu wangu wa darasa la sita aliponitia kitabu mkononi na kuniambia, "Nenda nacho." Hadi kifaa kitakapoweza kutamka maneno hayo mawili kwa mtoto wa Samburu, karatasi itaendelea kuwa na kazi ya kufanya.

Yule binti nilimtafuta juma lililofuata. Nilimpa kifaa, nikamwambia kianze kwa dadake, kisha kiende kwa wenzake wawili, na kila mmoja aandike jina lake katika daftari kama ilivyo desturi. Kilirudi baada ya mwezi mmoja na siku tano, kikiwa na mkwaruzo pembeni. Katika muda huo nilirudia vitabu vya sanduku la bati kwa msaada wa miwani na taa, kurasa chache kila usiku.